Fundi Anajibu: Kishikio cha mbele cha bunduki ya mtutu mmoja

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za kitu kimoja: kishikio cha mbele, kile kipande cha mbao kinachokaa chini ya mtutu, mahali unaposhika kwa mkono wa kuelekeza. Bunduki inayotajwa zaidi ni ile ya kukunja, ya mtutu mmoja, hasa H&R Topper na Handi-Rifle za Marekani. Kiwanda kiliacha kuzitengeneza mwaka 2015, kwa hiyo mbao zake za asili zinazidi kuadimika na bei yake inapanda. Tumejibu kwa kuzifuata hizo, na pale bunduki ya aina nyingine inapotofautiana tumesema.

Kabla ya lolote, kunja bunduki, tazama chemba kwa macho, ingiza kidole, kisha risasi zote zitoke kwenye chumba unachofanyia kazi. Kwenye H&R, ukishafungua skrubu ya kishikio na kukunja bunduki, mtutu unatoka kwenye bawaba yake. Karibu kazi yote hufanyika na mtutu peke yake. Bodi, yaani mwili wa bunduki wenye kifyatuo, ibaki kabatini, chini ya kufuli.

Shikamoo fundi. Nimenunua H&R Topper ya geji 12, ya mtumba. Kishikio kimepasuka kwenye tundu la skrubu. Ninacho kipande cha mjozi mweusi na zana za kawaida za useremala. Nianzie wapi? — Msomaji, Columbus, Ohio

Marahaba. Anza na ile iliyopasuka, kabla hujaigusa mbao mpya. Ufa unaotoka kwenye tundu kwenda nyuma, upande wa bodi, mara nyingi unasema kwamba mbao ilikuwa inagusa bodi moja kwa moja, na kila mlio ukaipigilia. Ufa unaokwenda mbele unaelekea kwenye skrubu iliyokazwa mno bila washa (pete bapa ya chuma), kichwa chake kikazama kwenye mbao na kuitanua. Na ukikuta mbao kuzunguka tundu imekuwa nyeusi na ukucha unaingia, hayo ni mafuta ya bunduki ya miaka mingi: mtu aliyekuwa akiisimamisha kabatini mdomo ukiangalia juu huku imelowa mafuta, yakawa yanachuruzika hadi kwenye mbao. Chanzo chochote utakachokiona, kiondoe sasa, maana kisipoondolewa kitapasua na hicho kipya.

Sheria ya shirikisho huko Marekani inahesabu bodi kuwa ndiyo silaha. Kishikio cha mbao hakina namba wala fomu. Tahadhari moja tu kwa wenye bastola za kukunja kama Contender: kishikio cha mbele kiwe cha kulala chini ya mtutu. Kile cha kusimama wima hubadilisha daraja la bastola kisheria.

Kata kipande cha sentimita 32 kwa 6 kwa 5. Kishikio chenyewe kitakuwa kifupi zaidi, ila ule urefu wa ziada ndio utakaoubana kwenye jiriwa wakati wa kuchonga, kisha utaukata mwishoni. Tazama nyuzi za mbao ubavuni. Zikimbie sambamba na urefu. Zikiteremka zaidi ya sentimita 2 katika sentimita 30, tafuta kipande kingine hata kama hicho kina mawimbi ya kupendeza. Mawimbi yapelekwe kwenye kitako. Hapa kuna tundu linalokata nyuzi katikati, na nyuzi za mshazari zitapasukia hapo hapo.

Mbao iwe imekauka kweli. Mbao ngumu ikiachwa kivulini huchukua takribani mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Neno la muuzaji halitoshi: weka kipande kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukisimama pale pale kwa wiki tatu au nne, mbao imelingana na hewa ya nyumba yako. Ukitaka namba, kata kipande kidogo kutoka sehemu ya kati, si mwishoni, ukipime, ukikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto 103 hadi uzito usiposhuka tena, ukipime upya. Kikiwa gramu 46 kabla na 41 baada, maji yalikuwa gramu 5. Gawanya kwa 41, unapata asilimia 12. Kwa nyumba ya Ohio inayowashwa hita miezi mitano, hiyo bado ni mbichi. Lenga asilimia 8.

Sasa kazi. Kanuni tunayoisisitiza kwa kila anayeandika ni hii: ndani kwanza, nje mwisho. Wengi huanza na umbo la nje kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha wanajikuta na kitu cha mviringo kisichobanika kwenye jiriwa wala kulala sawa chini ya drili. Kipande kikiwa bado cha pembe nne, kila tundu litakwenda wima na kila mstari utapimika.

Piga randa uso wa juu na ubavu mmoja hadi vikae kwenye pembe mraba kamili. Chora mstari wa katikati kwa penseli ngumu kuzunguka kipande chote: juu, vichwani na chini. Ukiufuta kwa bahati mbaya, uchore tena kabla ya kuendelea.

Pima kipenyo cha mtutu kwa kalipa kila sentimita 5. Mtutu hupungua ukielekea mdomoni. Tuseme wako ni milimita 27 nyuma na 22 mbele. Chora nusu duara za vipimo hivyo kwenye vichwa viwili vya kipande, uunganishe kingo zake kwa mistari miwili juu. Ondoa mbao ya ndani kwa bobari, au kwa mashine ya ruta yenye biti ya mviringo, ukibaki ndani ya mistari kwa milimita moja na nusu. Kina cha mfereji kisizidi nusu ya mtutu. Ukipita hapo kingo zinaanza kuukumbatia, na mtutu hautashuka wala kutoka bila kuzivunja.

Milimita moja na nusu iliyobaki huondolewa kwa masizi. Chukua masizi ya taa ya chemli, changanya na vaselini kidogo, upake chini ya mtutu utando mwembamba kiasi kwamba chuma bado kinaonekana. Lipstiki ya bei rahisi nayo inafaa. Shusha mtutu wima, ugonge mara moja kwa nyundo ya plastiki, uuinue wima. Palipoguswa pana doa jeusi. Kwangua doa, usiguse pengine. Mara za kwanza utaona mistari miwili myembamba kwenye kingo tu. Ukiendelea, madoa yanateremka, yanaongezeka, yanasambaa. Yakienea sehemu kubwa ya mfereji kwa usawa, simama. Utando ukiwa mnene kila mahali patachafuka na hutajua pa kukwangua.

Kuna njia ya mkato ambayo huharibu vishikio vingi: msasa uliozungushiwa kijiti chenye unene wa mtutu. Kijiti kimenyooka lakini mtutu umechongoka, kwa hiyo mfereji unakuwa mpana mbele na mwanga unapita pembeni. Kama ni lazima utumie msasa, uzungushie soketi ya spana iliyo ndogo kuliko mtutu kwa milimita 3 au 4, uelekeze mkono kwenye madoa tu.

Chini ya mtutu kuna nundu ya chuma inayopokea skrubu, na nyuma yake kuna kirusha ganda. Vyote vinahitaji nafasi yao. Nundu ikae kwa kubana kidogo ubavuni. Kirusha ganda kisiguswe na mbao hata kidogo, acha milimita moja kila upande, la sivyo siku ya unyevu mbao itavimba na ganda litabaki ndani.

Kupata kituo cha tundu: tafuta skrubu ya pili yenye hesi zile zile, ukate kichwa, uchonge ncha kali kwa tupa, uifunge kwenye nundu hadi ncha itokeze milimita 2. Shusha mtutu, gonga. Ncha imeacha alama mahali penyewe. Bunduki za Marekani zina hesi za inchi; skrubu ya milimita huingia mizunguko miwili, halafu inakula hesi za nundu, na hapo umeongeza kazi isiyo ya useremala. Toboa kwa biti ya milimita 3 kutoka ndani ya mfereji hadi nje, kwa drili ya mezani. Geuza kipande, na kwa kufuata kitundu hicho chimba kwanza shimo pana la kuzamisha kichwa cha skrubu, ndipo upanue tundu lenyewe. Mbao inayobaki kati ya sakafu ya shimo hilo na nundu iwe na unene sawa na wa kishikio cha zamani. Ikiwa nyembamba, skrubu itafika mwisho na kugota kwenye mtutu kabla haijaibana mbao: bisibisi inakuambia imekaza, kishikio kinacheza.

Hapo hapo weka bomba fupi la shaba au alumini lenye kipenyo cha nje cha milimita 10, urefu sawasawa na unene wa mbao, uligandishe kwa epoksi. Juu yake washa ya chuma, kisha skrubu. Sasa unapokaza, chuma kinabana chuma na mbao haionewi. Ule ufa wa kwenye tundu, ukiweka bomba hili, haurudi kirahisi.

Nyuma ya kishikio cha H&R kuna kipande cha chuma, au plastiki kwenye zile za karibuni, chenye upinde unaolingana na bodi. Kihamishe kutoka kwenye kishikio cha zamani. Hicho ndicho kinachopaswa kugusana na bodi bunduki inapokunjwa. Mbao yenyewe ibaki mbali na bodi kwa milimita 0.3, sawa na karatasi tatu za daftari zikipangwa pamoja. Telezesha karatasi hizo pande zote. Zikikwama mahali, punguza mahali hapo.

Baada ya hayo ndipo umbo la nje. Chora ubavu na sura ya chini, kata kwa msumeno, ondoa pembe hadi upate pande nane, kisha kumi na sita, ndipo tupa ya mbao, ndipo msasa. Ukuta wa pembeni unaopanda kandokando ya mtutu usiwe chini ya milimita 5. Mwisho wa yote, rudisha bunduki, uikunje na kuifunga mara kadhaa kwa risasi bandia ya mazoezi: ifunguke hadi mwisho, irushe ganda, ifunge bila kulazimishwa. Baada ya milio mitano ya kwanza uwanjani, kaza skrubu tena. Mbao mpya hukaa.

Nina bunduki ya mitutu miwili, leseni ninayo. Seremala wangu ni hodari sana, anatengeneza viti vya kuuza nje. Je, nimpelekee bunduki atengeneze kishikio? — Msomaji, Nanyuki

Usimpelekee. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, silaha haiachwi mikononi mwa asiye na leseni, na anayetengeneza silaha kwa biashara sharti awe amesajiliwa. Kwa wasomaji wa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 nayo si ya kuchezea. Mtutu nao usiuchukulie kuwa ni bomba tu. Ni sehemu ya silaha, haukai karakana ya mtu kusubiri Jumatatu. Ukiwa na shaka, uliza Bodi ya Leseni za Silaha kabla ya kuanza, si baada.

Anachoweza kupewa seremala ni mbao ya zamani na mtutu wa bandia. Mtutu wa bandia ni rahisi: ukiwa nyumbani, pima kipenyo kila sentimita 2.5 katika sehemu yote inayofunikwa na kishikio, uandike. Mtu wa kerezo atakuchongea mti mgumu wa vipimo hivyo kwa nusu siku. Gundisha juu yake kipande cha mti kinachoiga nundu, kikiwa na urefu, upana na umbali ule ule kutoka nyuma. Seremala atachimba mfereji kwa kuufuata huo, akiacha nusu milimita, na hiyo nusu milimita utaimalizia wewe mwenyewe nyumbani kwa masizi na mtutu wa kweli.

Ila kwa mitutu miwili pana jambo la ziada. Ndani ya kishikio chake kuna chuma kirefu kilichozamishwa kwenye mbao, na juu yake kuna kitasa cha kukibana kwenye mitutu. Katika bunduki nyingi chuma hicho hicho ndicho kinachosaidia kukoki nyundo za ndani unapokunja. Kikikaa nje kwa hata nusu milimita, bunduki itagoma kufunga au itacheza kwenye bawaba. Sehemu hiyo mwachie fundi silaha aliyesajiliwa. Seremala wako afanye mbao, fundi silaha azamishe chuma.

Nataka kishikio cha mti wa nyumbani. Ndugu zangu Tabora wanaweza kuniletea mninga, na kuna aliyenishauri mpingo. Upi bora? — Msomaji, Dallas, Texas

Mninga, bila kusita. Ukikauka una uzito wa karibu kilo 640 kwa mita ya ujazo, jirani kabisa na mjozi mweusi ambao mafundi wa Marekani wanaupenda, na sifa yake kubwa ni kutulia: hausinyai sana wala kupinda majira yakibadilika. Unachongeka vizuri kwa patasi. Vumbi lake linawasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa ya vumbi, si kitambaa.

Mpingo ni mti mwingine. Uzito wake ni kama kilo 1,200 kwa mita ya ujazo. Kishikio cha sentimita za ujazo 250 kitakuwa gramu 160 kikiwa cha mninga na gramu 300 kikiwa cha mpingo, na tofauti hiyo yote inakaa mbele ya bawaba. Bunduki ya marisau inayotakiwa kufuata ndege anayeruka itakuwa nzito mdomoni kama jembe. Tena mpingo una mafuta yake: epoksi haishiki hadi uupanguse kwa asetoni dakika chache kabla ya kugundisha, na mafuta ya kupaka juu hukawia kukauka au yasikauke kabisa. Unapopendeza ni kwenye ncha. Kipande cha sentimita 2.5 cha mpingo mbele ya kishikio cha mninga, kikishikwa na pini ya mbao ya milimita 6 na epoksi, ni urembo wa zamani kwenye raifali za kuwindia, na uzito wake hauhisiki.

Mvule na mkangazi? Mvule una mawe ndani, chembe ngumu za chokaa zinazovunja makali ya randa. Mkangazi ni mwepesi na nyuzi zake zinapishana, unafaa kwa majaribio ya kwanza.

Kuhusu kuletewa: hapo ndipo wengi wanaponaswa. Mpingo umo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mninga na mkongo wa Afrika iliingizwa kwa uamuzi wa mkutano wa Panama wa mwaka 2022, ukaanza kutumika Februari 2023. Mbao iliyopasuliwa ikiwa kwenye sanduku la safari bila kibali cha CITES kutoka Tanzania itachukuliwa uwanja wa ndege, na msafiri ndiye atakayeulizwa. Ama omba kibali kabla ya safari, ama nunua huko huko kwa muuzaji aliyeingiza kwa karatasi. Wauzaji wa mbao za ala za muziki na vipini vya visu huwa nazo vipande vya ukubwa huu.

Handi-Rifle yangu ya .243 inapiga vizuri mlio wa kwanza na wa pili. Wa tatu na wa nne vinapanda juu inchi tatu. Nimebadilisha risasi, ni vile vile. — Msomaji, Minneapolis

Kishikio kinausukuma mtutu. Kwenye raifali hii kila kitu kimeshikwa na skrubu moja, na mtutu ukipata moto unarefuka na kutanuka. Kama mbao inaugusa mbele, msukumo unabadilika mlio kwa mlio.

Jaribu hivi kabla ya kukwangua chochote. Kaza skrubu, kisha pitisha ukanda wa noti kati ya mtutu na mbao kuanzia mdomoni kurudi nyuma. Unapokwama ndipo panapogusa. Halafu legeza skrubu robo mzunguko na upige tena milio minne, ukiacha muda ule ule kati ya mlio na mlio. Risasi zikikusanyika, umempata mwizi.

Dawa: fungua mfereji hadi kuwe na uwazi wa milimita moja kuanzia mbele hadi karibu na nundu, kisha vika ringi ya mpira kwenye nundu, kati ya mbao na chuma, ili kishikio kikae juu ya ringi badala ya kulalia mtutu. Kigusane na bunduki sehemu mbili tu: kwenye ringi na kwenye kile chuma cha nyuma. Ringi nene inayokulazimisha kukaza kwa nguvu nyingi inarudisha tatizo lile lile, kwa hiyo anza na nyembamba. Ukishapata mkazo unaofaa, weka alama ya penseli kwenye mbao inayoelekea mfuo wa skrubu, na urudishe hapo kila unaposafisha. Unapopumzisha raifali kwenye mfuko wa mchanga, mfuko ukae karibu na bawaba, usiende mbele mara leo na nyuma kesho.

Nilipaka mafuta ya linsidi mara kumi. Mvua moja tu, kishikio kikawa na mabaka meupe na kikavimba. — Msomaji, Tanga

Mafuta ya linsidi, yaani ya kitani, yakiwa peke yake yanapendeza macho lakini hayazuii maji, na mbichi kabisa hayakauki vizuri kwenye hewa ya pwani. Pia tunahisi ulipaka nje tu. Maji huingia kwa haraka zaidi kwenye vichwa vya mbao, ndani ya mfereji na ndani ya tundu la skrubu, kule kusikoonekana.

Piga msasa namba 120, 180, 220, 320. Baada ya 220 pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, acha nyuzi zisimame, zikaukie, uzikate kwa 320. Rudia mara mbili. Vinyweleo vya mninga ni wazi, vijaze kwa kupaka mafuta ya kukauka (Tru-Oil au vanishi ya boti iliyopunguzwa nusu kwa tapentaini) na kusugua kwa msasa 400 yangali mabichi, ili vumbi la mbao liwe ujazo. Pangusa kwa kukata nyuzi. Kisha tabaka nyembamba sita hadi nane kwa ncha ya kidole. Kwenye hewa kavu saa 24 zinatosha kati ya tabaka; Tanga subiri 48, na ukigusa ukahisi kunata, ongeza siku. Tabaka mbili za kwanza ziingie ndani ya mfereji na tundu, na vichwani papakwe hadi pakatae kunywa. Usijaze mfereji kwa rangi nene, maana utapunguza nafasi uliyoikwangua kwa taabu.

Matambara yenye mafuta ya linsidi yakikunjwa na kutupwa kwenye ndoo yanajipasha yenyewe hadi yawake, hata bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yatumbukize kwenye kopo la bati lenye maji.

Je, kishikio cha Remington 870 kinatengenezwa hivyo hivyo? — Msomaji, Houston

Hapana. 870, ambayo iko sokoni tangu 1950, ni ya kuvuta: mbao inavikwa juu ya bomba lenye mikono ya chuma na kushikwa na nati ya mviringo yenye mifuo, ambayo inahitaji spana yake maalumu. Ukiilazimisha kwa bisibisi na nyundo utaikwaruza na kuipinda. Mbao hapa inahitaji tundu refu la kupita moja kwa moja. Litoboe kipande kikiwa bado cha pembe nne, nusu kutoka kila upande, kisha uchonge nje kwa kulifuata tundu. Bomba liingie kwa mkono bila kulegea. Kaza nati kiasi cha kuzuia mchezo tu, kwa sababu ukuta wa mbao ni mwembamba na nati iliyokazwa sana huupasua kwa urefu. Mfereji wa juu usiguse mtutu kabisa, kwani kishikio kinatembea.

Nilimwaga epoksi kwenye mfereji ili mtutu ukae vizuri. Sasa hautoki. — Msomaji, hakutaja mji

Ulisahau nta, au uliipaka ukaacha mashimo wazi. Chuma chochote kitakachoingia kwenye epoksi hupakwa nta ya viatu isiyo na rangi mara mbili, ikisuguliwa kila mara, na kila tundu au pengo la nundu hujazwa udongo wa kuchezea wa watoto ili epoksi isijifunge kama kitasa.

Usipige nyundo bado. Toa skrubu. Weka mtutu na kishikio kwenye friza kwa saa tatu au nne vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chuma na epoksi havisinyai sawasawa, na tofauti hiyo hulegeza mshiko. Toa, bana mtutu kwenye jiriwa yenye mbao laini mdomoni, ugonge kishikio kwa nyundo ya plastiki kwenye ncha ya mbele, kuelekea chini, mbali na mtutu. Kikikataa, rudisha friza usiku kucha. Joto ni la mwisho: kikausha nywele kwenye mtutu, si moto wa gesi, kwa sababu nundu ya baadhi ya bunduki imeunganishwa kwa madini yanayoyeyuka. Kikitoka, pangusa mtutu, kausha umande wa friza mara moja na upake mafuta, kisha chungulia hesi za nundu. Epoksi iliyoingia humo itolewe kwa tepu ya hesi ya kipimo chake hasa, kwa mkono, kabla skrubu haijarudi.